Mzizi Bila Krauni ni Kazi Nusu, na Wanajua

Gego langu lilipasuka nikila githeri. Sikuwa natafuna mfupa, wala kufungua soda na meno kama wale wajuaji wa mtaa. Githeri tu ya jioni hapa Kamenu, punje moja ya mahindi iliyokataa kuiva. Nilisikia "ka!" mpaka kwa sikio, halafu kitu kama changarawe juu ya ulimi.

Sasa, hilo gego nilikuwa nimelitibu mzizi miezi saba kabla. Ile wengi wenu mnaita ruti kanali. Elfu 12, pesa niliyokusanya nikihariri video za harusi za watu. Nilitoka kliniki nikiambiwa, "Umemaliza, kijana, ukiona shida rudi." Nilipoona shida nikaenda kwa daktari mwingine. Akaangalia picha, akaniuliza swali moja tu: "Krauni iko wapi?"

Krauni gani, daktari?

Jino lilikuwa limepasuka wima, ufa umeshuka mpaka chini ya ufizi. Hapo hakuna kuziba. Ni kung'oa. Niko na pengo nikiwa na miaka 22.

Kwa hivyo leo sina upole. Kliniki inayokuuzia matibabu ya mzizi wa gego bila kukutajia bei ya krauni siku hiyo hiyo imekujengea nyumba hadi linta, ikakupa funguo, ikakwambia hamia.

Skizeni venye inaenda. Daktari anatoboa jino kwa juu, anatoa neva iliyooza, anasafisha mifereji ya ndani, halafu anaijaza gata-pecha, aina ya mpira unaotokana na utomvu wa miti ya kule Asia ya Kusini-Mashariki. Maumivu yanaisha. Na huo ndio mtego, kwa sababu jino lisilouma unaliona limepona. Nani atarudi kulipa tena kitu kisichouma?

Watu husema jino likitolewa neva linakauka na kuwa kama mti mkavu. Hiyo si shida kubwa. Mwaka wa 1989 watafiti Marekani walipima meno maabarani. Shimo la kutibia mzizi peke yake lilipunguza uthabiti wa jino kwa kama asilimia 5 tu. Lakini jino lililopoteza kuta zake mbili, ile inayogusana na jino la mbele na ile ya nyuma, lilipoteza kama asilimia 63. Sasa niambie, ni nani kati yetu huenda kwa daktari jino likiwa bado na kuta? Sisi huanza na Panadol, tunahamia karafuu, tunatafunia upande mwingine nusu mwaka. Tukifika kwa kiti, kuta zilishaenda.

Krauni ni kofia inayolivalia jino lote na kulishika kama mikanda ya chuma inavyoshika pipa, ili ukiuma kuta zisiachane. Nayo inahitaji mahali pa kushikia, angalau milimita 2 hivi za jino zima juu ya ufizi. Ndiyo maana kungoja ni hatari: kila kipande kinachomeguka kinakula hizo milimita. Na kile kizibo cha muda ulichowekewa ni cha wiki chache, si cha kumaliza nacho mwaka. Mate yanapenya, bakteria wanarudi kule kule ulikolipa wasafishwe. Ukiambiwa kile kijiti cha kuingizwa kwenye mzizi ndicho kinachotia jino nguvu, kataa. Kazi yake ni kushikilia kijazo cha juu.

Mnataka namba? Mwaka wa 2004 ulichapishwa uchunguzi wa rekodi za bima za Marekani, meno zaidi ya milioni 1.4 yaliyotibiwa mzizi. Baada ya miaka 8, asilimia 97 bado yalikuwa mdomoni. Tiba yenyewe inafanya kazi, sijasema ni uongo. Lakini kati ya yaliyong'olewa, asilimia 85 hayakuwa yamevalishwa kofia kamili. Uchunguzi mwingine wa 2002 ulikuta meno yasiyo na krauni yakipotea mara 6 zaidi ya yenye krauni. Ni namba za Marekani, sawa, lakini sidhani mahindi yao ni magumu kuliko yetu.

Meno ya mbele ni kesi tofauti. Yakiwa bado mazima, mara nyingi kijazo kizuri kinatosha. Mimi naongea kuhusu magego, yale ya kusaga.

Najua kliniki zitanijibu: "Tukitaja bei yote, mteja anakimbia kung'oa." Krauni ni ghali kweli. Kuna vifaa, kuna fundi wa maabara, kuna kurudi mara mbili. Mimi niliambiwa elfu 28, wakati tayari haisaidii. Lakini kukimbia ni uamuzi wangu! Pengine ningeng'oa mapema nibaki na elfu 12 zangu. Pengine ningeomba vilele vya jino vifunikwe na kijazo kwa muda, nikilipia krauni mdogo mdogo. Na hili si ombi la huruma. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inasema mgonjwa aelezwe njia za matibabu zilizopo, na faida, hatari, gharama na matokeo ya kila moja. Gharama imeandikwa humo.

Halafu tuje kwetu sisi wa kamera. Kliniki zinatulipa kutangaza meno meupe, na sisi tunacheka mbele ya taa. Mwaka jana nilirekodi klipu ya "tibu mzizi kwa bei poa." Sikuuliza bei ya krauni. Nimeifuta juzi, lakini kuna watu waliitazama wakaenda, na hao siwezi kuwafuta.

Kabla hujafungua mdomo kwa hicho kiti, uliza jumla: mzizi, kijazo na krauni, shilingi ngapi zote pamoja, iandikwe kwa karatasi. Uliza jino limebaki na ukuta wa kutosha kushika krauni, na itawekwa wiki gani. Akikwambia "hiyo tutaongea baadaye," chukua picha yako uende kwingine.

Kama ulitajiwa bei zote siku ya kwanza, andika "ndiyo" hapo chini. Kama hukutajiwa, andika "linta." Nataka kuona tuko wangapi.