Kabla hujalipia laptopu, fikiria shingo na macho

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, kliniki huwa napata swali ambalo halimo katika vitabu vyangu vya tiba. Mzazi anamaliza habari za presha yake, nimeshaandika dawa, ndipo anaongeza: "Na huyu kijana anaingia mwaka wa kwanza, Daktari. Tumnunulie laptopu ipi isimharibu macho?" Ukimdodosa utakuta ameshapita dukani, na muuzaji amemweleza kwamba mashine yenye grafiki kubwa haiumizi macho na kwamba kioo kikiwa kikubwa ndiyo salama zaidi. Tofauti ya bei kati ya mashine ya kawaida na hiyo aliyoshauriwa ni laki kadhaa, wakati mwingine inavuka milioni. Kwa familia nyingi hiyo ni kodi ya chumba cha mwanafunzi kwa miezi mingi.

Mimi si fundi wa kompyuta. Ila muuzaji anapoanza kuuza bidhaa kwa jina la macho na shingo, ameingia kwenye eneo langu, na wiki hii naomba nimjibu.

Tuanze na grafiki, kwa sababu ndiko pesa nyingi inakopotelea. Kazi ya kifaa hicho ni kukokotoa picha, yaani kuamua kila nukta ya kioo iwe na rangi gani, mara makumi kwa sekunde. Kila kompyuta inacho. Katika mashine nyingi za kawaida kimejengwa ndani ya prosesa, na hicho kinatosha kabisa kuandika ripoti, kujaza majedwali ya Excel, kutazama video, kuhudhuria kikao cha Zoom na kuingia kwenye mifumo ya ofisi. Mashine za gemu zina kadi ya pili inayojitegemea, yenye memori yake. Hiyo anaihitaji mwanafunzi wa usanifu majengo anayechora nyumba za pande tatu, mhariri wa video, na bila shaka mcheza gemu. Mwanafunzi wa sheria, ualimu, uhasibu au uuguzi haimhusu. Kwa upande wa macho, barua uliyoiandika ni ileile kwenye kioo kilekile, iwe imepitia kadi ya bei mbaya au ya bei nafuu.

Kadi hiyo pia inakula umeme. Chaja ya laptopu ya kawaida huwa ya wati 45 hadi 65, wakati mashine za gemu nyingi zinakuja na chaja ya wati 150 hadi 230, nzito kama tofali dogo. Kama unamnunulia mwalimu anayetegemea sola, au unaishi mahali ambapo umeme ukikatika mnabaki na betri tu, hesabu hiyo ifanye mapema.

Umeme unaoliwa unageuka joto, na joto lina habari yake ya kitabibu. Mtu anayepakata mashine yenye moto kwenye mapaja saa nyingi, siku baada ya siku, anaweza kupata michoro ya kahawia kwenye ngozi iliyokaa kama wavu, ileile inayojulikana kwa watu wanaoota moto kwa muda mrefu. Kwa wanaume kuna la ziada. Mwaka 2005 watafiti wa New York waliwapima vijana 29 waliokaa saa moja na laptopu mapajani, wakakuta joto la korodani limepanda kwa zaidi ya nyuzi 2 za Selsiasi. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na mkao wenyewe wa kubana mapaja, na mashine ikaongeza juu yake. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba mtu anakuwa tasa. Lakini tunajua korodani zinafanya kazi vizuri zikiwa na joto pungufu kuliko la mwili, kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana ni mwepesi: jina "kompyuta mpakato" lisikudanganye, usiipakate. Iweke mezani.

Sasa kioo. Ukubwa wake hupimwa kwa inchi kimshazari, kutoka kona moja hadi kona inayotazamana nayo. Madukani kwetu utakutana zaidi na inchi 13.3, 14, 15.6 na 17.3. Watu hudhani macho yanajali inchi. Macho yanajali ukubwa wa herufi, ukali wa herufi na umbali ulioketi. Inchi ni sehemu tu ya hadithi.

Sehemu nyingine, ambayo wanunuzi wengi hawaiulizi, ni idadi ya nukta, yaani pikseli. Mashine nyingi za zamani kwenye soko la zilizotumika zina kioo cha pikseli 1366 kwa 768. Zikitandazwa kwenye inchi 15.6, nukta zinakuwa kubwa na herufi zinaonekana na kingo zenye ukungu kidogo. Kioo cha 1920 kwa 1080 kinatoa herufi kali zaidi, na ndicho ningemwambia ndugu yangu akitafute. Kuna mtego lakini. Kadiri nukta zinavyobanwa kwenye kioo kidogo, herufi nazo zinapungua: ukitoka inchi 15.6 kwenda 13.3 yenye pikseli zilezile, kila herufi inapungua kwa karibu asilimia 15. Mtu anaanza kuisogelea kompyuta. Leo kichwa kimesogea kidogo, kesho zaidi, na baada ya miezi miwili anakuja kwangu na shingo iliyokakamaa na maumivu ya kichwa yanayoanzia kisogoni.

Dawa ya hili haiuzwi. Kwenye Windows bofya kitufe cha kulia cha kipanya ukiwa kwenye uso wa kompyuta, fungua mipangilio ya onyesho, kisha panda kwenye kipimo cha ukuzaji kutoka asilimia 100 hadi 125 au 150. Kila kitu kinakua, na ukali unabaki. Ndani ya kivinjari bonyeza Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha. Nimeshangazwa na idadi ya watumishi wanaokaa saa nane mbele ya kompyuta na hawajawahi kuambiwa jambo hili. Baadhi yao walikuwa wanameza dawa za maumivu kila wiki.

Kwa hiyo nikilazimishwa kutaja namba moja kwa matumizi ya kila siku, nitataja inchi 14 zenye pikseli 1920 kwa 1080. Kioo chake huoni vibaya ukikuza herufi, na mashine nyingi za ukubwa huo zina uzito wa kilo moja na nusu au pungufu kidogo. Ya inchi 17 inakaribia kilo tatu ukiongeza chaja. Mwanafunzi anayesimama kwenye daladala kutoka Mbagala hadi Mlimani huku begi limening'inia bega moja, pamoja na vitabu na chupa ya maji, anaujua uzito huo kuliko mimi. Ya inchi 15.6 inamfaa anayeiacha mezani, na hasa mhasibu, kwa sababu nyingi zina vitufe vya namba pembeni. Chini ya inchi 13 ningeiacha kwa mtu anayesafiri sana.

Hata hivyo laptopu ina kasoro ya kuzaliwa ambayo hakuna ukubwa unaoiponya: kioo na kibodi vimeunganishwa. Ukiweka kibodi pale mikono inapotaka, kioo kinakuwa chini mno na shingo inainama. Ukiinua kioo kufikia usawa wa macho, mikono inaning'inia hewani. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo tano kikiwa wima. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo wa Marekani, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwamba kichwa kikiinama nyuzi 15 mzigo kwenye shingo unafika kilo 12, na nyuzi 60 unafika kilo 27. Ni hesabu ya kimahesabu tu, haikupimwa ndani ya shingo za watu, lakini mwelekeo wake kila mfanyakazi wa ofisini anaweza kuuthibitisha ikifika saa kumi jioni.

Ndiyo maana zile pesa ulizotaka kuongeza kwenye grafiki ningezielekeza kwingine. Nunua kibodi na kipanya vya pembeni. Inua laptopu kwa stendi, au kwa vitabu vinene usivyovisoma, mpaka ukingo wa juu wa kioo ufike usawa wa macho au chini yake kidogo. Kaa umbali wa mkono ulionyooka, sentimita 50 hadi 70. Mwenye uwezo na meza ya kudumu anunue monita iliyotumika ya inchi 22 au 24. Kwa shingo, hiyo inashinda laptopu yoyote ya inchi 17.

Hapa nina neno kwa waajiri. Shughuli nyingi sasa zimehamia kwenye mifumo, hospitalini kwetu hata faili la mgonjwa liko humo. Mtumishi anakabidhiwa laptopu, anaelekezwa kwenye kiti cha plastiki na meza ya kulia chakula, basi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya anayemfanyia kazi, na sioni kwa nini shingo ya karani isihesabike. Kibodi ya pembeni ni bei rahisi kuliko siku chache za mapumziko ya ugonjwa.

Kuhusu macho yenyewe, niseme wazi: kutazama kioo hakukupofushi. Kinachotokea ni kwamba tukikodolea kompyuta tunapepesa macho mara chache kuliko kawaida, machozi yanakauka, macho yanawasha na kuona kunakuwa na ukungu wa muda. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mbali, mita sita au zaidi, kwa sekunde 20, na upepese. Usikae feni ikikupuliza usoni. Chagua kioo kisichong'aa kama cha kujitazamia, na ukigeuze kisipokee mwanga wa dirisha. Kuhusu miwani ya kuzuia mwanga wa bluu inayouzwa kwa fujo siku hizi, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023 yaliyokusanya majaribio 17 hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida, angalau kwa muda mfupi. Baki na pesa yako.

Ukishavuka miaka 40, kama mimi, lenzi ya jicho inapoteza ulaini wake na vitu vya karibu vinaanza kukimbia. Miwani ya kusomea ya mtaani imekusudiwa kitabu kilichoshikwa kama sentimita 40 kutoka usoni. Kompyuta iko mbali zaidi, inataka nguvu pungufu. Ndiyo maana ukiivaa unajikuta umesogea mbele kuitafuta kompyuta. Wenye miwani ya sehemu mbili nao huinua kidevu ili watazame kupitia sehemu ya chini, na shingo inalipa. Mwambie mpima macho kwamba unafanya kazi na kompyuta, na umtajie umbali uliopima kwa rula.

Kuna mgonjwa mmoja simsahau, ofisa wa miaka hamsini na kitu. Alikuja kwa uchovu na kwenda haja ndogo mara kwa mara usiku. Katika mazungumzo akaniambia mwaka huo amebadilisha laptopu mara mbili, kila mara akichukua yenye kioo kikubwa na "grafiki nzuri zaidi", kwa kuwa maandishi yalikuwa na ukungu, siku nyingine afadhali, siku nyingine mabaya. Sukari yake ilikuwa juu sana. Sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho nayo hubadilika, na kuona kunayumba. Alipoanza matibabu ukungu ulipungua ndani ya wiki chache, lakini picha za nyuma ya jicho zilionyesha kisukari kilikuwa kimeshagusa mishipa. Miezi ile aliyokuwa anazunguka madukani ilikuwa miezi ya kumtibu.

Kwa hiyo usiruhusu laptopu ibebe lawama za ugonjwa. Kama kuona kwako kunabadilika siku hadi siku, kama una kisukari au presha, kama katika ukoo wenu kuna presha ya macho, au umefika 40 na hujawahi kupimwa, anzia kliniki ya macho na upime na sukari. Presha ya macho haina maumivu mwanzoni na inachokiiba hakirudi. Ukiona miale ya mwanga, pazia jeusi, au jicho moja limepoteza kuona ghafla, nenda siku hiyohiyo. Ganzi vidoleni au mkono unaoishiwa nguvu pamoja na maumivu ya shingo navyo vinahitaji daktari kabla ya stendi.

Ukishapimwa, nenda dukani na miwani yako mpya, si ya zamani. Mwombe muuzaji akupe kiti. Fungua maandishi, si ile video ya samaki wa rangi wanayopenda kuionyesha, kaa umbali wa mkono na usome ukurasa mzima bila kusogea. Kuza herufi hadi asilimia 125, usome tena. Punguza mwanga hadi chini, uongeze hadi juu, uone kama kioo kinacheza. Acha mashine iwake dakika 15 kisha shika chini yake. Halafu itie kwenye begi pamoja na chaja yake, uvae begi, utembee hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Muuzaji akigoma, acha kitambulisho.