Kisanduku cha kurudia sauti kisifukuze mpiga ngoma

Mwanamuziki mmoja anaweza leo kufika Kituku na mfuko mgongoni, akapiga muziki wa watu watano. Anapiga besi kwa sekunde chache, anakanyaga pedali, na kisanduku kinachoitwa lupa kinarudia alichopiga bila kukoma. Juu yake anaongeza gitaa, makofi, kisha sauti. Wako wanaosema hiyo ni plebaki. Si kweli. Plebaki inatoka tayari studio. Hapa kila kipande kinapigwa mbele ya watu, na akichelewa kukanyaga, kosa nalo linazunguka mpaka alifute.

Tena Mkongomani hana haja ya kufundishwa kurudia. Sebene ni nini, kama si gitaa kushika fungu fupi na kulizungusha mpaka watu wote wasimame kucheza? Konono N°1 wa Kinshasa walitumia sumaku za magari mabovu kutengeneza maikrofoni za likembe zao, na albamu yao Congotronics ikasikilizwa hadi Ulaya. Muziki walikuwa nao kabla ya vyombo.

Kontrola ya MIDI ni habari nyingine, na kijana aijue kabla ya kutoa dola zake. MIDI, kanuni iliyoanza mwaka 1983, haibebi sauti. Inabeba amri: noti gani, imebonyezwa kwa nguvu gani, kuanzia 0 hadi 127. Bila kompyuta au kinanda cha kupokea amri hizo, kontrola ni plastiki kimya. Kwa familia iliyokimbia vita, isiyo na umeme wa uhakika, lupa ndogo ya volti 9 na bafle ya batri vinafaa zaidi. Na pale bandarini, gitaa lenye waya linaswe kwanza, sauti mwisho: maikrofoni inameza injini za mitumbwi na makelele ya wabebaji, na kila tabaka jipya linayaongeza.

Hatari iko kwa mwenye sherehe. Akiona mtu mmoja anatoa sauti ya bendi nzima, atauliza kwa nini alipe wanne. Wapiga ngoma wengi waliotoka Masisi na Rutshuru waliacha ngoma zao huko. Wasinyang'anywe na nafasi iliyobaki. Isitoshe, lupa haisikilizi. Mwimbaji akibanwa na machozi katikati ya wimbo, mpiga ngoma anapunguza mwendo, anamngoja. Mashine inaendelea tu. Afadhali irudie besi ambayo kikundi hakina mtu wa kuipiga, na ngoma zibaki mikononi mwa watu.

Kuna jambo zito kuliko pesa. Lupa nyingi zinahifadhi kilichonaswa hata zikizimwa. Kituku, ambapo mashua iliyotoka Minova ilizama tarehe 3 Oktoba 2024 karibu kabisa na nchi kavu, si kila anayeimba anaburudisha watu. Mama anayeimbia wafu wake anaweza kukuta sauti yake imebebwa ndani ya kisanduku, ikachezwa harusini asikojua. Mwanamuziki amuombe ruhusa kabla ya kukanyaga pedali. Na huyo mama akiisikia kisha akabadili mawazo, ifutwe pale pale, mbele ya macho yake.