Ya Asili, Lakini Ina Madhara

Kwenye gari la kupanda Suji, milima ya Upare, kutoka Makanya hukosi abiria mwenye chupa ya maji iliyojaa kitu cha rangi ya udongo. Ni magome na mizizi iliyochemshwa, dawa ya nguvu za kiume. Kipimo chake ni kizibo, au mafunda mawili, kadiri mwenyewe anavyojisikia. Ukimwuliza kama haogopi, anakujibu mara moja: ni ya asili, haina madhara.

Uongo huo unatuumiza.

Jani lenye nguvu ya kutibu lina nguvu ya kudhuru pia. Mwarobaini watu wanaunywa asubuhi na jioni kwa kila ugonjwa, ilhali panya madume waliopewa dondoo ya majani yake maabarani walipungukiwa mbegu, na zilizobaki zikapoteza kasi. Panya si binadamu, mtasema. Haya, China miaka ya 1970 waliijaribu gosipoli, kemikali ya mbegu za pamba, kwa wanaume zaidi ya 8,000 kama njia ya uzazi wa mpango. Wazo lilitoka kwenye vijiji vilivyopikia mafuta ghafi ya pamba, ambako watoto waliacha kuzaliwa. Dawa ilifanya kazi kweli, lakini baadhi ya wanaume hawakurudiwa na uwezo wa kuzalisha hata walipoacha kuinywa, na wengine walipungukiwa potasiamu mwilini hadi misuli ikalegea. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani likashauri isiendelezwe. Pamba nayo ni ya asili.

Suji tumelelewa na kanisa. Waadventista walianza kazi Upare Kusini mwaka 1903, na wengi wetu tunaamini Mungu ametupa majani yatuponye. Naamini hivyo pia. Lakini muhogo mchungu nao kauumba yeye, na hakuna mama anayeupika bila kuuloweka.

Tena si kila unga wa mitishamba ni mitishamba mitupu. Baadhi ya unga huo umekutwa umechanganywa na sildenafili, dawa iliyomo kwenye Viagra. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti akiinywa bila kujua, shinikizo la damu linaweza kuporomoka akafa.

Kinachonichoma zaidi ni yanayowapata wake zetu. Mume akiwa na nguvu kitandani, ukoo unaamini ana mbegu, kumbe hayo ni mambo mawili tofauti. Katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, tatizo lipo kwa mwanamume, peke yake au pamoja na mkewe. Hata hivyo anayezungushwa kwa waganga, na kuitwa tasa, ni mwanamke.

Baba, ndugu, mdogo wangu: weka chupa chini. Usitegemee mabadiliko papo hapo, maana mwili huchukua kama miezi miwili na nusu kutengeneza mbegu mpya. Nenda hospitali kubwa kama KCMC, upimwe mbegu, umtajie daktari kila ulichokunywa. Kabla ya majibu hayo, asiitwe tasa mke wa mtu.