Damu chooni si bawasiri kila mara

MAJUZI niliketi na mfanyabiashara mmoja wa nyanya katika soko la Konyo Konyo, hapa Juba. Kwa miezi minane alikuwa akiona damu chooni. Alipewa dawa za amiba, kisha za taifodi, kisha za bawasiri. Hakuna aliyempima kwa kidole. Alipovuka Nimule hadi Kampala, aliambiwa ni saratani ya utumbo mpana, nayo imeshafika kwenye ini. Kibanda chake sasa kimeuzwa.

Sitaji kliniki yoyote, kwa sababu kosa hili si la mmoja. Kwa miaka mingi ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa wa Wazungu. Daktari Denis Burkitt, aliyewahi kufanya kazi Mulago, alieleza mwaka wa 1971 kwamba Waafrika waliupata kwa nadra kwa sababu ya vyakula vyao vyenye nyuzinyuzi nyingi. Lakini maisha yamebadilika. Leo hospitali za Kampala na Nairobi zinapokea wagonjwa wake, wengine wakiwa hawajafika miaka 40.

Saratani hii kwa kawaida huanza kama kinyama kidogo ndani ya utumbo, na huchukua takriban miaka 10 kugeuka. Ikipatikana mapema, upasuaji pekee mara nyingi hutosha. Ikishasambaa, tiba ni ndefu, ghali na mara nyingi haiponyi.

Marekani tangu mwaka 2021 inashauri watu waanze kupimwa wakiwa na miaka 45, hata bila dalili. Kwetu hilo bado ni ndoto. Hata hivyo, yapo yasiyohitaji mashine ghali, na ndiyo ninayowasihi madaktari wetu wayafanye.

Kwanza, kila anayetoa damu chooni apimwe kwa kidole. Gharama yake ni glavu tu. Pili, mwanamume aliyepungukiwa damu bila sababu inayojulikana achunguzwe utumbo, asirundikiwe vidonge vya kuongeza damu pekee. Tatu, aulizwe iwapo mzazi au ndugu yake aliugua saratani hii. Nne, dalili zikiendelea baada ya dozi ya kwanza, apewe barua ya rufaa akapimwe utumbo kwa kamera. Dozi ya pili na ya tatu ni kumpotezea muda.

Nanyi ndugu zangu mliorejea kutoka Kakuma na Khartoum, nanyi mnaovuka mpaka kila juma, msione haya kumweleza daktari mnachokiona chooni. Dai upimwe. Kila karatasi ya vipimo itunze kwenye faili moja, uvuke nayo, ili daktari wa ng'ambo asianze upya.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Katika maradhi haya, mficha uchi hufa.