Mjane Mbele ya Hakimu

Mjane wa Kamalondo akifukuzwa katika lupango na ndugu za marehemu mumewe, huenda kushitaki na karatasi iliyojaa machozi: «Ni watu wabaya, wachawi, hawana huruma.» Twamhurumia kweli, lakini hakimu ayapime kwa kipimo gani?

Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, humpa mjane haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Basi aandike mambo yaletayo haki hiyo: ndoa iliandikwa lini na katika komuni gani (cheti cha parokia peke yake hakitoshi serikalini), mume alifariki siku gani, nyumba iko wapi, nani alikuja, akatenda nini. Kwa mfano: «Tarehe 4 Machi, mashemeji wawili walibadili kufuli, wakachukua cherehani yangu, jirani akiona.» Kila neno liwe na karatasi yake au shahidi wake. Asiloliona mwenyewe, aseme amelisikia kwa nani. Uchawi auache kabisa; wapinzani watalishika neno hilo tu, na baraza zima litapotea humo. Kisha aseme waziwazi anachoomba: kurudishwa nyumbani, pamoja na cherehani yake.