Sheria ngeni si kisingizio

Wadau, timu zetu zikifungwa ugenini visingizio tunavijua: hali ya hewa, chakula, refa. Sasa waangalieni vijana wa Chuo Kikuu cha Kansas. Mwaka 2015 waliiwakilisha Marekani kwenye michezo ya vyuo vikuu duniani, Gwangju, Korea Kusini. Kwao walizoea kushambulia kwa sekunde 35; sheria za FIBA zinatoa 24 tu. Mpira ukishagonga ringi, kule ruksa kuugusa. Kwao ni kosa ukiwa bado juu yake. Walifanyaje? Kabla ya kupanda ndege walicheza mechi mbili na Kanada kwa sheria hizo. Fainali wakaifunga Ujerumani 84-77, baada ya nyongeza mbili. Sisi maandalizi tunayaanzia uwanja wa ndege, halafu tunamlaumu refa. Au nakosea?