Kumlaza Mbwa Bwenini Si Uzungu

Siku hizi ukisema kwamba umelipa fedha ili mbwa wako alale na kulishwa mahali pa salama wakati wewe uko safarini, watu watakucheka. Watakuambia umejaa uzungu, au kwamba pensheni imekuzidi hata huna pa kuipeleka. Mimi nilichekwa hivyo Desemba 2022, nilipowapeleka mbwa wangu wawili, Simba na Popi, katika bweni la mbwa kwa mara ya kwanza, na tangu hapo sijaacha kuchekwa. Wanaonicheka ni majirani, ndugu na walimu wenzangu wastaafu, watu ninaowaheshimu. Ndiyo maana sitaki kuwanyamazia. Nadhani wamekosea, na kosa lao lina madhara.

Tuanze na mambo yalivyo. Sisi wenyeji wa Kilimanjaro tunaoishi Dar es Salaam tuna desturi inayojulikana nchi nzima. Desemba ikifika tunafunga nyumba na kupanda kwenda Moshi, safari ya zaidi ya kilometa 500, tukasali pamoja, tuchinje na tuzungumze mambo ya ukoo. Wengine hukaa wiki moja, wengine hadi Januari shule zinapokaribia kufunguliwa. Nyumbani anabaki mbwa. Amefungwa mnyororo chini ya mwembe au ubavuni mwa nyumba, na kijana fulani ameachiwa unga, dagaa na fedha kidogo, pamoja na neno moja jepesi: "Utamwangalia."

Kijana huyo ana shughuli zake, na yeye pia ana kwao anakotaka kula sikukuu. Siku ya kwanza atapika. Siku ya tatu atachelewa. Siku ya sita atarusha ukoko juu ya ukuta bila kufungua geti. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mbwa wa mwenzio ni mwepesi kuliko hata usufi. Ndoo ya maji ikipinduka asubuhi, imepinduka hadi kesho yake. Mbwa wa kilo 20 anahitaji kiasi cha lita moja ya maji kwa siku, na zaidi ya hapo wakati wa joto, na Desemba ya Dar es Salaam ni joto. Tena mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na kwa kuhema huko hupoteza maji. Mfunge mahali ambapo kivuli huhama ifikapo saa sita mchana, mkose maji kwenye ndoo, kisha uniambie wewe unaita nini mateso.

Tunayo methali isemayo msafiri kafiri. Huitumia kumsamehe mtu aliye njiani asipotimiza yote anayoyatimiza akiwa kwake. Nakubali msamaha huo kwa mambo mengi, lakini kwa mbwa haufai, kwa sababu mbwa hakusafiri. Njaa yake haikupanda basi. Neno langu ni hili, na mengine yote yanafuata kutoka hapa: mtu aliyemchukua mbwa na kumfungia ndani ya ukuta wake amemwondolea uwezo wa kujitafutia, na kwa kumwondolea amejitwisha deni la kumlisha na kumlinda kila siku. Safari haifuti deni hilo. Usipoweza kulilipa kwa mkono wako, utalilipa kwa mkono wa mwingine, na mwingine huyo anastahili ujira.

Sasa nijibu hoja za wenzangu. Wa kwanza ni wale wa uzungu. Hawa, hasa wakiwa Wachaga wenzangu, nawauliza: tumesahau kuwekesha ng'ombe? Baba zetu hawakuweka mifugo yao yote katika zizi moja. Mwenye ng'ombe wengi kuliko majani aliyonayo aliwapeleka kwa watu wengine wawatunze. Mtunzaji hakufanya kazi ya bure. Alikunywa maziwa, alipata samadi ya kutilia migomba yake, na ng'ombe akabaki kuwa mali ya mwenyewe. Masharti yalijulikana, na aliyeyavunja alishtakiwa kwa wazee. Kwa hiyo kumkabidhi mtu mwingine mnyama wako, kwa mapatano na kwa malipo, hatukufundishwa na mgeni. Mbwa hatoi maziwa, wala samadi yake haifai mgombani. Basi ujira wa mtunzaji wake unakuwa shilingi. Tofauti ni hiyo tu.

Wa pili ni majirani zangu wa pwani wasemao mbwa ni najisi. Najua kwamba fikihi ya madhehebu ya Shafii, inayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, inasema hivyo, nami si mtu wa kubishana na elimu ya wenzangu. Lakini najisi ni habari ya kutwaharisha mwili, nguo na vyombo. Haikupata kuwa ruhusa ya kutesa. Katika hadithi za Bukhari na Muslim zimo habari za wanawake wawili. Mmoja, mwenye mwenendo mbaya, alimtekea maji mbwa aliyekuwa akifa kwa kiu, akasamehewa. Mwingine aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia ndani, hakumlisha wala hakumwacha atoke ajitafutie. Huyo wa paka ndiye ninayemkumbuka kila ninapoona nyumba iliyofungwa kufuli Desemba na kusikia mnyororo ukiburuzwa ndani. Nasi Wakristo tusijione tumepona, maana Kitabu cha Mithali, katika sura ya 12, kinaupima uadilifu wa mtu hata kwa jinsi anavyomjali mnyama wake.

Wa tatu ndio wenye hoja nzito. Wanasema: watu wana njaa, nawe unamlipia mbwa malazi? Sitaidharau hoja hii. Hata hivyo, sijamwona anayeitoa akichukua fedha alizookoa kwa kumnyima mbwa wake bweni na kumpelekea yatima. Fedha hizo huongezwa kwenye soda na nyama. Zaidi ya hayo, mbwa aliyetelekezwa gharama yake huishia kwa maskini, na hapo ndipo nataka msomaji anisikilize kwa makini.

Mbwa mwenye njaa hukata kamba, huchimba chini ya ukuta, hutoka. Huko nje hukutana na mbwa asiowajua, huumwa, hurudi na vidonda. Mtoto wa jirani aliyezoea kumchezea hajui kwamba huyu si yule wa jana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, na katika kila vifo 10 hivyo, vinne ni vya watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra mno apone. Kinga ipo, na inajulikana tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze sindano. Lakini sindano hizo ni nyingi, zina siku zake, na familia nyingi hulazimika kuzilipia mfukoni. Mama muuza vitumbua anauza kuku wake ili mwanawe achomwe sindano, kwa sababu mtu mwenye gari alikwenda kula sikukuu. Je, hapo nani aliyemfanyia anasa mbwa, mimi au yeye?

Wala hasara haiishii mitaani. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliuhusisha na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Mbwa asiyechanjwa ni mali ya mtu mmoja, lakini maradhi yake ni ya wote.

Hapa lazima niwageukie wenye mabweni, kwa maana si kila anayepokea fedha anatunza. Nimekuwa mkuu wa shule ya bweni kwa miaka mingi. Hatukumpokea mtoto kabla ya kuona fomu yake ya daktari, kuandika jina la mzazi na kujua kama ana pumu au kifafa. Aliyekuja na tetekuwanga alitengwa siku hiyo hiyo. Bweni ni mahali ambapo ugonjwa wa mmoja unakuwa wa wote kabla ya kengele ya jioni. Sasa, bweni la kwanza la mbwa nililokwenda kulikagua, ambalo sitalitaja, halikuniuliza swali lolote isipokuwa siku ngapi na nitalipa lini. Nilipotoa kadi za chanjo mfukoni, msimamizi aliniambia, "Mzee, hizo kaa nazo tu." Nikakaa nazo, nikaondoka nazo, na Simba na Popi nikaondoka nao. Rahisi huvunja upishi.

Kama bweni halitaki kadi yako, fahamu kwamba halikutaka pia kadi ya mbwa atakayelala jirani na wako. Ugonjwa wa pavo, unaoharisha damu na kuua watoto wa mbwa, huweza kukaa katika udongo kwa miezi mingi. Kwa hiyo angalia sakafu. Iwe ya saruji inayooshwa, na uulize kama wanatumia jiki, maana sabuni peke yake haitoshi. Angalia kama kila mbwa ana chumba chake, chombo chake na kivuli. Uliza nani analala hapo usiku, na daktari gani wa mifugo huitwa. Msimamizi akikasirishwa na maswali yako, amekwisha kukujibu.

Na mwenye mbwa naye asifike na kadi iliyogongwa muhuri jana. Chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa huhitaji kiasi cha wiki tatu hadi nne kabla haijaaminika. Anayeondoka tarehe 20 Desemba na kumtafuta bwana mifugo tarehe 18 amechelewa. Kwa safari ya kwanza, mlaze mbwa huko usiku mmoja wiki chache kabla ya safari yenyewe. Peleka chakula alichokizoea, kwani kubadilishiwa ghafla humharisha, na peleka gunia au kitambaa anacholalia nyumbani chenye harufu ya kwake. Usisimame getini ukimwonea huruma. Nimewaona wazazi wa kidato cha kwanza wakifanya hivyo, na mtoto aliyekuwa ametulia akaanza kulia. Usiku wa kwanza Simba hakugusa chakula. Wa pili alikula nusu. Wa tatu msimamizi wa bweni tulilolikubali alinipigia simu kunieleza kwamba amemaliza chake na anaangalia cha Popi. Mbwa huzoea haraka kuliko binadamu, mradi chakula kije kwa saa ile ile na mkono uwe ule ule.

Sisemi kwamba kila mtu lazima alipe bweni. Wengi hawana uwezo, na mabweni yenyewe ni machache nje ya miji mikubwa. Wengine watasema nyumba isiyo na mbwa italindwa na nani. Nawajibu kwamba mbwa mwenye njaa halindi kitu, kwani mwizi humnunua kwa mfupa mmoja. Kama unamhitaji nyumbani, mwajiri mtu mzima anayemjua, mpatane asubuhi na jioni, mlipe nusu kabla na nusu ukirudi umkute mbwa mzima, mwachie kadi ya chanjo na namba ya daktari wa mifugo. Au mpatane na jirani kwa zamu, leo yeye, Pasaka wewe. Asiyeweza hata hilo asifuge. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inamtaka mwenye mnyama amtunze, na haina kifungu kinachomwachia kwa sababu ni sikukuu. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatuijui, na viongozi wetu wa mitaa hawatuulizi.

Basi ndugu msomaji, mwaka huu kabla hujakata tikiti ya kwenda kwenu, mtaje kwa jina mtu atakayemlisha mbwa wako, saa atakayomlisha, na kiasi utakachomlipa. Ukikosa hata kimoja kati ya hivyo vitatu, bado hujajiandaa kusafiri. Na ukisikia jirani anakucheka kwa kulipa, mwulize wa kwake amemwacha na nani.